Mizani haioni mfupa

Kila alfajiri, barabara inayoteremka kuelekea Dunga hapa Kisumu hujaa watu wazima waliovaa raba, wakitembea kwa kasi ili wapunguze uzito. Nawaunga mkono, kwani sukari na presha zimetuumiza vya kutosha, lakini naona tunahesabu kilo bila kujiuliza zimetoka wapi.

Shangazi yangu, mwenye miaka 63, alipunguza kilo 14 kwa kutembea na kwa kuacha ugali, maziwa na hata omena, yaani dagaa wa ziwani, eti hukaangwa kwa mafuta mengi. Tulimpongeza sana. Kisha akateleza bafuni, akajikinga kwa mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika. Siwezi kuapa kwamba chanzo ni kukonda, maana mwanamke aliyekoma hedhi hupoteza mfupa hata asipokonda. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa amemtahadharisha.

Mfupa ni kitu hai, hubomoka na kujengeka upya kulingana na mzigo unaoubeba, kwa hiyo mwili unapokuwa mwepesi, nyonga hupata kazi kidogo na madini yake hupungua. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, wazee wanene waliopunguza chakula waligawanywa kulingana na aina ya mazoezi. Waliofanya mazoezi ya kutembea, kuendesha baiskeli ya ndani na kupanda ngazi walipoteza takriban asilimia 3 ya msongamano wa madini ya mfupa wa nyonga, ilhali walioinua vyuma walipoteza nusu asilimia tu. Tofauti hiyo ndiyo ningependa itajwe pale Dunga kila asubuhi, kwa sababu wengi wetu tunaamini kwamba kutembea kunamaliza kila kitu.

La kushangaza ni kwamba shangazi, kabla ya kuanza “mazoezi”, alikuwa akibeba maji mwenyewe kutoka kwenye kisima cha jirani. Alipoanza kutembea, akamwajiri kijana wa mkokoteni amletee, apate nafasi ya kwenda Dunga. Aliacha mzigo akashika njia.

Sasa mkono umepona. Omena, ambayo huliwa pamoja na mifupa yake na hivyo kumpa kalisi, madini yanayojenga mfupa, ananunua soko la Kibuye kwa gorogoro na kuichemsha kwa nyanya badala ya kuikaanga. Maji anabeba tena, mtungi wa lita 5 kila mkono, na kijana wa mkokoteni analalamika kwamba tumemnyang’anya mteja.