Mwacheni Ebbinghaus, hakusema hivyo

Wiki iliyopita kazini tulikalishwa semina ya siku mbili. Mwezeshaji alikuja na suti ya bluu na kipaza sauti cha kuning'iniza sikioni, ingawa tulikuwa watu ishirini na wawili kwenye ukumbi mdogo ambao hata mtu akipiga chafya kila mmoja anasema "afya". Kabla ya chai ya saa nne akarusha ukutani grafu moja: mstari unaanzia juu karibu na dari, halafu unaporomoka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. "Ndugu washiriki," akasema, "mwanasayansi wa Kijerumani, Ebbinghaus, aligundua kwamba kesho saa kama hii mtakuwa mmesahau asilimia 66 ya yote niliyowafundisha." Watu wakaguna. Slaidi iliyofuata ilikuwa jalada la kitabu chake cha mbinu za kumbukumbu, shilingi elfu ishirini na tano, na lipa namba kubwa chini yake.

Nilinyoosha mkono. Chai ikaitwa. Basi hasira zangu mtazimaliza ninyi.

Kwanza huyo "mwanasayansi wa Kijerumani" alikuwa mtu. Hermann Ebbinghaus alizaliwa Barmen mwaka 1850, baba yake mfanyabiashara. Akiwa na miaka 17 alikuwa chuo kikuu cha Bonn akisoma historia na lugha, akaenda vitani Prussia ilipopigana na Ufaransa mwaka 1870, akarudi, na mwaka 1873 akamaliza udaktari wa falsafa. Baada ya hapo akatangatanga Uingereza na Ufaransa akifundisha watoto wa watu ili aishi. Inasimuliwa kwamba huko Paris, kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba, ndiko alikookota kitabu cha Gustav Fechner cha mwaka 1860, kile kilichoonyesha kwamba jinsi mtu anavyohisi uzito au mwanga inaweza kuwekwa kwenye hesabu. Ebbinghaus akajiuliza: kama uzito unapimika, kumbukumbu imekosa nini?

Wakubwa wa fani hawakuwa na swali hilo. Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara yake Leipzig mwaka 1879 na ndiye anayeitwa baba wa saikolojia ya majaribio, aliona majaribio ni ya mambo mepesi kama kuona na kusikia. Kumbukumbu? Hapana, hiyo ni ya ndani mno. Ebbinghaus hakuwa na maabara, wala wanafunzi, wala wa kumlipa. Alichokuwa nacho ni kichwa chake mwenyewe, basi akakifanya maabara.

Akatunga silabi kama 2,300, kila moja konsonanti, irabu, konsonanti, vitu vya aina ya zof, kel, nub. Akazichanganya, akachota mfuatano, akausoma kwa sauti kwa mapigo 150 kwa dakika, akarudia mpaka aweze kuusema wote bila kosa. Muda akaandika. Baada ya saa kadhaa au siku kadhaa akarudi kwenye mfuatano uleule, akajifunza upya, muda akaandika tena. Alifanya hivyo mwaka 1879 na 1880, akarudia mwaka 1883 na 1884 kujihakiki, na mwaka 1885 akatoa kitabu chembamba tu. Aligundua hata kwamba jioni kichwa chake kilikuwa kizito kuliko asubuhi, akaanza kutenganisha hesabu za saa tofauti ili zisimdanganye.

Msidhani ni rahisi. Niliporudi nyumbani kutoka semina niliandika silabi 13 kwenye karatasi, nikapakua programu ya metronomu, ile ya kupiga mapigo, nikaiweka 150. Hiyo ni kasi ya mtu anayekimbizwa na mbwa. Zof kel nub wam tir... Mara ya kumi na moja nilikuwa nimeshika tano za mwanzo na mbili za mwisho, katikati giza. Mara ya kumi na nne nikaenda kukaanga ndizi. Yule bwana alifanya hivi kwa miaka, peke yake, na haikumpa kazi ya maana Berlin: uprofesa ulipopatikana mwaka 1894 walimpa Carl Stumpf, yeye akahamia Breslau. Nchi zote zina kamati za aina hiyo.

Sasa hiyo asilimia 66. Ebbinghaus hakupima kiasi alichosahau. Alipima akiba. Kama kujifunza kulimchukua dakika 18 jana na leo kunamchukua 12, ameokoa theluthi ya kazi. Baada ya siku moja akiba yake ilikuwa asilimia 33.7; itoe kwenye mia, ndiyo 66 ya mwezeshaji. Baada ya dakika kama 20 ilikuwa 58.2, baada ya saa moja 44.2, na baada ya siku 31 bado ilikuwa 21.1. Yaani mwezi mzima, silabi zisizo na kichwa wala miguu, na bado moja ya tano ya kazi ilikuwa imelipwa tayari. Tena kwa vitu ambavyo ukimuuliza angekuapia hakumbuki hata kimoja! Grafu inaporomoka mwanzoni, ni kweli, halafu inakataa kufika chini. Mwezeshaji alionyesha mteremko, akakata mkia. Mkia hauuzi kitabu.

Lakini hilo ni dogo. Linaloniunguza ni jingine.

Nakaa na binti wa kaka yangu, yuko Kidato cha Pili. Huyu mtoto alimaliza Darasa la Saba anajua kueleza mvua inatoka wapi mpaka unaiona. Akaingia sekondari, karibu masomo yote yakageuka Kiingereza. Usiku anatembea koridoni na daftari mgongoni, macho yamefumbwa, anasema sentensi moja ya Kiingereza ya jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Anaisema nzima, bila kupumua, anarudi mwanzo. Usiku mmoja nikamsimamisha.

"Hiyo maana yake nini?"

"Shangazi, usinikatishe, nitasahau!"

"Niambie tu kwa Kiswahili."

Akanitazama kama nimemuuliza kwa Kijerumani. "Sijui. Lakini ndivyo inavyotakiwa kuandikwa."

Zof, kel, nub.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu tukae kidogo. Ebbinghaus aliondoa maana makusudi. Alijua kwamba maneno yenye maana yanavutana, hili linaleta lile, kila mtu ana yake kichwani, hesabu zinachafuka. Kwa hiyo akatafuta kitu kikavu kabisa, kama mtu wa mizani anayefuta sahani kabla ya kupima. Sisi tunaondoa maana bila hata kujua tumeiondoa, kisha tunampima mtoto, kisha tunamwambia ana kichwa kibovu.

Na bwana yule alipima tofauti yake. Alichukua beti za Byron, mshairi wa Kiingereza, kutoka utenzi wake mrefu wa Don Juan. Ubeti mmoja wa pale una mistari minane, jumla mizani kama 80. Ninyi mnaojua shairi letu la mizani kumi na sita mara mistari minne, 64, mnaelewa ukubwa wake. Kwa kusoma mara chache kuliko tisa, ubeti ulikuwa umekaa kichwani. Kwa silabi kavu 80 alikadiria angehitaji marudio 70 hadi 80. Sehemu ya kumi ya kazi! Sababu alizozitaja ni maana, mizani na vina. Miaka 22 baadaye alizirudia baadhi ya beti hizo, ambazo hakuwa amezigusa tena, akakuta bado zina akiba ya asilimia 7. Hili halikuwa kwenye slaidi.

Nawasikia mnaosema Kiingereza ndiyo dunia, watoto wetu watashindwa kuomba kazi. Haya. Sikatai Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko kinavyofundishwa. Ila kujua lugha ni jambo moja, kufundishwa baiolojia kwa lugha usiyoijua ni jambo jingine, na hata mwalimu mwenyewe analijua, ndiyo maana akiona macho yamefifia anafunga mlango kidogo na kueleza kwa Kiswahili.

Na kuna hoja nyingine, hii inanikera kwa sababu inatoka kwangu mwenyewe. Nilikulia Tanga. Nikiwa na miaka tisa nilikuwa nimehifadhi Juzuu Amma nzima, sehemu ya mwisho ya Kurani, chuoni kwa maalim, na Kiarabu sikijui mpaka leo zaidi ya salamu. Ningali nayo. Nikiamshwa usiku wa manane naisoma. Sasa, dada mwenye hasira za maana, hiyo ulihifadhije?

Sawa, nakubali, kukariri bila kuelewa kunawezekana. Lakini tazameni maalim alivyofanya. Hakuna siku tuliyopewa sura mpya kabla ya kusoma za nyuma. Jana inarudiwa leo, ya wiki iliyopita inarudiwa Alhamisi, na ukikosea unarudi nyuma, na bakora ipo, hiyo sitaisifia. Halafu vina vya zile sura fupi vinajivuta vyenyewe, mwisho wa aya moja unakuita kwenye mwisho wa nyingine. Maalim hakuwahi kumsikia Ebbinghaus, lakini alikuwa anafanya alichokikuta Ebbinghaus: marudio 38 yaliyogawanywa siku tatu yalimsaidia sawa na marudio 68 aliyoyarundika siku moja. Mifuatano ya aina ileile, ya silabi 12, kichwa kilekile. Thelathini yamekwenda bure kwa sababu tu ya kurundika.

Sasa fikiria wanafunzi wetu wa vyuo. Muhula mzima madesa yamelala chini ya godoro, wiki ya mtihani watu wanapiga msuli mpaka alfajiri kwa kahawa na karanga. Mimi nilikuwa mmoja wao. Somo moja la takwimu nililimeza usiku mmoja, nikapata B, na ndani ya wiki mbili nisingeweza kukueleza wastani unatofautianaje na namba ya katikati. Mtihani ulipita. Somo lilikwenda wapi, sijui.

Ipo na hii, fupi, maana watu wengi hawaijui. Miaka ya 1890 wakuu wa shule wa Breslau walitaka kujua kama siku ndefu ya masomo inawachosha watoto. Ebbinghaus akatunga vipimo vitatu, hesabu, kukumbuka tarakimu, na kimoja kipya: kifungu cha habari chenye maneno na silabi zilizotolewa, mtoto azirudishe. Ndiyo, kile kipimo cha tatu ni "jaza nafasi zilizoachwa wazi". Na ndicho kilichotenganisha vizuri watoto waliokuwa mbele darasani na waliokuwa nyuma, kwa sababu huwezi kujaza nafasi bila kuelewa kilicho kushoto na kulia kwake. Alfred Binet wa Ufaransa alikichukua akakitia kwenye vipimo vyake vya akili. Sisi tumekipokea, tukakigeuza: nafasi moja, jibu moja, neno lilelile la kwenye daftari.

Alikufa kwa nimonia huko Halle mwaka 1909, miaka 59. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa kitabu kinachoanza kwa kusema saikolojia ina wakati uliopita mrefu lakini historia fupi. Mwaka 2015 watafiti wawili, Murre na Dros, walirudia jaribio lake. Mtu mmoja akakaa saa 70 akijifunza silabi kavu. Mstari ukatoka karibu kama wake.

Turudi koridoni. Jumamosi ile nilimkalisha binti yetu nje, chini ya mwembe, nikamwambia jani ni jiko. Maji yanapandishwa kutoka chini, hewa inaingia kwa vidirisha, jua ni moto, sukari ndiyo ugali. Akacheka, akauliza moshi unatoka wapi. Nikamwambia huo moshi ndio unaovuta hapo ulipokaa. Akanyamaza, akaangalia juu kwenye majani muda mrefu. Jumapili nikamwuliza, akaeleza. Jumatano nikamwuliza akiwa anaosha vyombo, akaeleza, na akaniongezea kwamba basi usiku jiko limezimwa.

Ijumaa wakapewa jaribio. Swali lilikuwa lilelile, alama mbili. Akaandika kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, maneno yake mwenyewe, maji, hewa, jua, sukari, vyote vimo. Nimeiona karatasi. Nusu alama, na kwa kalamu nyekundu pembeni ameambiwa aandike kama alivyofundishwa.

Usiku huo nilimsikia tena koridoni, ile sentensi, mwanzo mpaka mwisho bila kupumua. Sikumkatisha.