Meena Kumari: Chhoti Bahu au Sahibjaan?

Wapenzi wa picha za Kihindi za zamani wakikaa kumzungumza mwigizaji Meena Kumari, na picha ipi aliigiza vizuri kuliko zote, mabishano hayakawii kugawanyika pande mbili. Wa kwanza huishika Pakeezah, iliyotoka Februari 1972, ambamo aliigiza Sahibjaan, tawaifu anayeimba na kucheza mbele ya matajiri huku akitamani maisha ya mke wa mtu. Wa pili huishika Sahib Bibi Aur Ghulam ya mwaka 1962, ambamo yeye ni Chhoti Bahu, mke wa bwana mdogo katika jumba la makabaila wa Calcutta, anayejifunza kunywa pombe ili mumewe asitoke nyumbani usiku. Wapo pia wanaoitaja Parineeta ya 1953, na hoja zao si dhaifu, ila katika picha ile Meena alikuwa bado anaelekea kule alikofika baadaye.

Mimi nimo katika kundi la pili, na sikuingia humo kwa sababu ya tuzo, ingawa tuzo ndizo hutajwa kwanza. Ni kweli kwamba katika tuzo za Filmfare, tuzo za picha za Kihindi, za mwaka 1963 majina matatu yaliyopendekezwa kwa mwigizaji bora wa kike yote yalikuwa yake, kwa picha za Aarti, Main Chup Rahungi na Sahib Bibi Aur Ghulam, na hii ya mwisho ndiyo iliyompa ushindi. Ni kweli vilevile kwamba Pakeezah ilimpa pendekezo tu, tena akiwa ameshafariki. Lakini katika tuzo za picha za mwaka uleule wa Pakeezah, mwigizaji Pran aliikataa tuzo yake mwenyewe kwa kuona kwamba Ghulam Mohammed, mtunzi wa muziki wa picha hiyo, alidhulumiwa. Tuzo ambayo hata waliopewa hawakukubaliana nayo haiwezi kutuamulia shauri hili.

Afadhali tuanze na miguu, kwa kuwa picha zote mbili zinaanza naye hapo.

Katika Sahib Bibi Aur Ghulam, kijana Bhootnath, anayeigizwa na Guru Dutt, mtayarishaji wa picha mwenyewe, anaitwa usiku chumbani kwa Chhoti Bahu. Ni mtu wa kijijini, anafanya kazi katika kiwanda cha sindoor, ile poda nyekundu ya wanawake wa Kihindu walioolewa, na hathubutu kuinua macho. Kamera inaona anachokiona yeye: zulia, kisha nyayo za mwanamke zilizopakwa rangi nyekundu mithili ya hina. Tunasikia sauti ikimkaribisha kabla hatujauona uso. Anapothubutu kutazama juu, kamera inausogelea uso ule, nasi tunatambua kwamba huyu anayeogopewa ni mpweke kuliko anayemwogopa. Meena hafanyi mengi hapo. Anauliza maswali madogo ya ukarimu, anatabasamu kwa jina la ajabu la mgeni wake, na katikati ya tabasamu hilo anaiachia haja yake itokeze: anataka sindoor inayosifiwa kuwa humrudisha mume kwa mkewe. Mwigizaji mwingine angeiomba kwa machozi. Yeye anaiomba kwa aibu ya mtu anayejua kwamba anachoomba ni upuuzi, ila hana pengine pa kwenda.

Katika Pakeezah, miguu inatazamwa na mwanamume wakati mwenyewe amelala. Sahibjaan yumo ndani ya treni, na abiria asiyemfahamu, Salim, anayeigizwa na Raaj Kumar, anamwachia kijikaratasi kinachosifu uzuri wa nyayo zake na kumsihi asizikanyagishe chini zisije zikachafuka. Sentensi ile ya Raaj Kumar imeishi hadi leo vinywani mwa watu ambao pengine hawajaiona picha yenyewe. Tangu hapo Sahibjaan anabeba neno la mtu asiyejua kwamba miguu hiyo ndiyo inayomlisha, kwa kuwa ndiyo inayocheza. Mwishoni, akiwa amealikwa kucheza katika harusi ya huyohuyo Salim, anaicheza juu ya vioo vilivyovunjika mpaka damu inatapakaa kwenye shuka jeupe. Kwa ubunifu wa hadithi, Pakeezah inashinda hapa, na sioni haja ya kubisha.

Ila ubunifu wa hadithi na uigizaji ni mambo mawili. Kamal Amrohi, mwongozaji wa Pakeezah ambaye alikuwa pia mumewe, aliianza picha hiyo katika miaka ya 1950. Wawili hao walitengana mwaka 1964, kazi ikasimama, na ilipoanza tena mwaka 1969, kwa msukumo wa waigizaji Sunil Dutt na Nargis, Meena alikuwa tayari mgonjwa wa ini. Wakati huo Josef Wirsching, Mjerumani aliyeipiga picha hiyo, na mtunzi Ghulam Mohammed walikuwa wameshafariki, na mtunzi mwingine, Naushad, ndiye aliyemalizia muziki. Mtazamaji makini huiona miaka hiyo usoni mwa Sahibjaan: katika tukio moja mashavu ni ya msichana, katika jingine yamevimba, na macho yamezama. Katika ngoma ile ya mwisho, sehemu kubwa ya kucheza ilifanywa na mchezaji mwingine, Padma Khanna, shela ikiuficha uso. Kwa hiyo tukio linalotajwa kuwa kilele cha uigizaji wa Meena Kumari ni tukio ambalo mwili wake, kwa sehemu kubwa, haumo.

Watetezi wa Pakeezah wana jibu, na ni jibu zuri. Wanasema tusitazame ngoma, tusikilize sauti. Kuna mahali Sahibjaan anamweleza mwenzake kwamba tawaifu ni maiti, na nyumba wanazoishi ni makaburi yaliyoachwa wazi. Mtu wa mwambao asiyejua Kiurdu hulidaka neno hilo bila tafsiri, kwa sababu qabr yao na kaburi letu ni ndugu wa tumbo moja, kama ilivyo duniya na dunia. Meena, ambaye alitunga mashairi ya Kiurdu kwa jina la Naaz, anaitamka hotuba hiyo taratibu, bila kulia, kama mtu anayesoma orodha ya mali. Kisha kuna tukio la nikaha. Salim anamtajia shehe jina la bibi harusi kuwa ni Pakeezah, yaani aliyetakasika, na Sahibjaan anapoulizwa kama amekubali, anapiga ukelele wa kukataa na kukimbia. Katika ukelele ule kuna hofu ya mtu anayejiona hastahili jina alilopewa. Nikilitazama tukio hilo, huwa nayumba kidogo.

Lakini sauti hizo ni vilele vilivyosimama mbalimbali, na katikati yake Sahibjaan anabaki kuwa mtu anayetazamwa: amelala, ameketi dirishani, anaelea katika mashua, anasikiliza honi ya treni. Amrohi alimpamba kwa rangi na kwa kioo kipana cha sinemaskopu kama mtu anayejenga kaburi la kifahari. Chhoti Bahu, kinyume chake, anabadilika mbele ya macho yetu hatua kwa hatua. Anaanza akiwa mwanamke wa ibada. Mumewe, anayeigizwa na Rehman, anamwambia aishi kama wake wengine wa jumba lile, wanaovunja vito na kufua vipya kupitisha siku. Yeye hataki dhahabu, anamtaka mume. Akiambiwa kwamba mume atabaki iwapo mke atakunywa naye, anakunywa.

Wimbo wa Na Jao Saiyan unaonyesha gharama yake. Sauti ni ya mwimbaji Geeta Dutt, kwa hiyo Meena ameachiwa macho, shingo na mikono tu. Amelewa, anamzuia mume asiondoke, anamlalia, anacheka, na kila anapotaka kuwa mshawishi kama wanawake wa nje, heshima ya malezi yake inajitokeza na kuharibu ushawishi huo. Kuigiza ulevi ni rahisi. Hapa anaigiza ulevi wa mtu asiyejua kulewa, anayemwigiza mwanamke mwingine, mbele ya mume ambaye ameshachoka kutazama. Wimbo unapokwisha na ugomvi kuzuka, anamkumbusha kwamba hakuna mke wa ukoo ule aliyewahi kujitoa kiasi hicho, na hasira anayotoa imechanganyika na fahari. Ni fahari hiyo inayoniuma.

Kuna hoja moja naikataa hata kama inausaidia upande wangu, nayo ni kwamba Chhoti Bahu ni mkuu kwa sababu Meena naye aliangamizwa na pombe. Alifariki tarehe 31 Machi 1972, akiwa hajatimiza miaka 40, na tangu hapo watu huziangalia picha zake kama vile zilikuwa shajara. Huku ni kumnyang'anya kazi yake. Alianza kuigiza akiwa mtoto, katika picha ya mwaka 1939, na kufikia 1962 alikuwa na zaidi ya miaka 20 mbele ya kamera. Aliyeiona Azaad au Kohinoor, alikochekesha sambamba na Dilip Kumar, anajua kwamba huzuni haikuwa nguo pekee aliyokuwa nayo kabatini. Tena hoja hiyo inaibeba Pakeezah zaidi: inasimuliwa kwamba majumba ya sinema yalijaa hasa baada ya kifo chake, watu wakienda kumuaga. Ukimtazama mtu kwa kumuaga, hupimi tena anavyoigiza.

Chhoti Bahu haombi huruma ya namna hiyo. Sahib Bibi Aur Ghulam inapofika mwisho, Bhootnath sasa ni msimamizi wa ubomoaji wa jumba lile, na vibarua wanafukua mifupa ambayo mkononi ina bangili. Meena Kumari hayumo katika tukio hilo hata kwa sekunde moja, na bado mtazamaji anajua mara moja bangili ile ilikuwa mkononi mwa nani, na mkono ule ulikuwa umemshika nani asiondoke.