Giza la kwetu nalo linataka reflekta

Ndugu zangu wa nyumbani huniambia reflekta, vile vitu vya kuvaa vinavyorudisha mwanga wa taa gizani, ni mambo ya nchi za baridi zisizo na jua. Sikubaliani nao. Naishi Finland, na ni kweli mwishoni mwa Desemba hapa Helsinki mchana haufiki urefu wa saa 6. Lakini Juni usiku ni kama haupo. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tuna takribani saa 12 za giza kila siku ya mwaka, na jua likizama giza halikawii. Tungepaswa kuwa wa kwanza kuvaa.

Hapa sheria inamtaka anayetembea barabarani gizani avae reflekta, na watu wanavaa: wazee, watoto, watu wa ofisini. Mara nyingi ni kipande kidogo cha plastiki kinachoning'inia kwa uzi kutoka mfuko wa koti hadi usawa wa goti, kwa sababu taa za gari zikiwa dimu humulika chini. Mwenye kukivaa haoni chochote cha ajabu. Mwanga unarudi kule ulikotoka, kwa dereva, na yeye ndiye anayeona kitu kinachometa kikicheza mbele yake.

Kwa taa za dimu, mtu mwenye nguo nyeusi huonekana akiwa mita 50 hivi. Akiwa na reflekta, huonekana kwenye mita 150. Gari la kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Hizo 50 zinakwisha kabla halijasimama.

Nyumbani tumeanza, tena vizuri: wajenzi, trafiki, bodaboda, wafagia barabara, wote utawakuta na vizibao vya reflekta. Kinachoniuma ni hali ya vizibao vyenyewe. Mama anafagia kando ya lami kabla ya alfajiri, magari yanampita ubavuni, na kizibao alichopewa kimepauka, ile mistari ya fedha imebanduka, imebaki gundi tu. Aliyempa anaamini amemkinga. Rangi ile ya machungwa au ya njano kali ni ya mchana na magharibi. Inachukua miale ya jua tusiyoiona na kuigeuza mwanga. Usiku kazi ni ya mistari. Mistari ikichakaa, au ikifunikwa na begi mgongoni, amevaa kitambaa tu.

Na wanaotembea kwa miguu hatujawafikiria kabisa. Mtoto anayetoka kwenda shule bado kiza amevaa sweta jeusi na begi jeusi. Mimi nisingeanza na faini. Ningeanza na utepe wa reflekta unaoshonwa kwenye kila begi la shule, mgongoni na ubavuni.

Najua wapo watakaosema hii ni kumtwika mnyonge kosa la dereva. Hoja hiyo ina uzito. Njia za waenda kwa miguu, taa za barabarani na mwendo wa magari bado ni deni la serikali na madereva, na reflekta haiwezi kumwokoa mtu mbele ya gari lisilo na taa. Ila mtoto anatembea kesho asubuhi, na njia ya miguu haitakuwa imejengwa.

Kwa wenye wafanyakazi nina ombi moja. Usiku simama hatua kumi na kitu kutoka kwa mfanyakazi wako, shika tochi ya simu karibu na jicho lako, mmulike kifuani na mgongoni. Mistari isipong'aa, mpe kizibao kingine kabla hajarudi barabarani.