Samoni Hali, Sasa Menyu ya Nini?

Jumanne usiku nimekaa barazani namung'unya ubuyu, simu ikalia. Picha. Mpwa wangu aliyeko Aberdeen, Uskoti, kimasomo kanitumia picha ya kopo la plastiki lenye vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kimelaliwa na nzi wa kuvulia samaki, yaani ndoano iliyovishwa nyuzi na manyoya. Nikahesabu mara mbili: arobaini na wawili. Wekundu, wa bluu, wa njano, mmoja ana mkia kama bibi harusi. Chini kaandika, "Shikamoo mjomba. Nimejiandaa."

Nikamuuliza bei. Akataja kwa pauni, nikazidisha kichwani, ubuyu ukanikwama. Kwa hela ile, mnadani hapa Dodoma unatoka na mbuzi wawili, tena wa kuchagua.

Habari yenyewe ni kwamba mwenye nyumba anayempangisha ni mzee mvuvi, na kamwalika Jumamosi hii wakajaribu samoni mto Dee. Kijana kakimbilia dukani. Muuzaji kamtazama, kaona mgeni, kaona koti jipya lenye mifuko kumi na minne, akamwambia hivi: samoni ni samaki anayechagua sana chakula, hujui siku hiyo atatamani nini, kwa hiyo beba kila kitu.

Atatamani nini! Hapo ndipo nilipoweka ubuyu chini.

Samoni hali.

Mnaonisoma siku nyingi mnaijua ile miaka yangu miwili ya Uskoti, baridi ile, na yule mzee aliyenifundisha kurusha mshipi akinikaripia kuliko mwalimu wangu wa darasa la tatu. Sirudii hadithi. Ila jambo hili alinipigia kelele nalo mpaka likaingia: samoni wa Atlantiki akishatoka baharini na kupanda mto kwenda kutaga, anaacha kula. Hapunguzi. Anaacha. Tumbo linasinyaa, anaishi kwa mafuta aliyojilimbikizia baharini, na hivyo hivyo anaweza kukaa mtoni miezi, mpaka Novemba au Desemba anapotaga. Ni kama mtu aliyefunga Ramadhani ambayo haina futari. Halafu wewe unamletea menyu ya kurasa nne, unamuuliza leo tukupatie nini, tuna pilau, tuna wali nazi.

Basi kwa nini anakamata nzi? Wazee wa kule wamelibishania hilo zaidi ya miaka mia na bado hawajapatana. Wapo wanaosema ni kumbukumbu: alipokuwa mdogo, kabla hajashuka baharini, alikula wadudu mto huo huo, na mdomo haujasahau. Wapo wanaosema ni udadisi, na samaki hana mikono, akitaka kushika kitu anakishika kwa mdomo. Wapo wanaosema ni hasira ya kuingiliwa nyumbani.

Mimi niko upande wa hasira, na shahidi wangu ni mbwa wa jirani. Mbwa huyu hufukuza bodaboda. Hajawahi kula bodaboda na hana mpango huo. Nyekundu anafukuza, nyeusi anafukuza, ya abiria anafukuza, ya magunia ya mkaa anafukuza. Lakini nimemchunguza. Ikipita mbali upande wa pili wa barabara, hainui hata kichwa. Ikipita mbio sana, anabweka akiwa amelala. Ikisimama getini, anainusa na kuikojolea tairi. Ila ikipita karibu na geti, kwa mwendo wa wastani, ikikata kona mbele ya pua yake, hapo anatoka kama mshale na maskini dereva ananyanyua miguu.

Huyo ndiye samoni. Kinachomtoa alipolala si rangi ya bodaboda. Ni umbali iliopita, mwendo wake, na namna ilivyokata mbele yake. Na ndiyo maana kuchagua nzi wa samoni kunaanza kwa kutazama maji, siyo kopo. Maji ya baridi kali, ya mwanzo wa msimu, samaki mzito, hataki kusogea: mpelekee nzi mkubwa, mzito, chini kabisa, taratibu, karibu apigwe nacho puani. Maji yakishapanda joto, tuseme kuvuka nyuzi 10, anachangamka na anakubali kupanda: hapo nzi mdogo, mwepesi, karibu na uso wa maji. Mto umejaa na umechafuka, ongeza ukubwa, tumia kitu chenye kivuli kinachoonekana. Mto umepungua na maji ni angavu kama kioo, punguza, punguza tena, halafu punguza zaidi ya unavyoona aibu. Ukubwa na kina. Rangi inakuja baadaye sana, ikiwa imechoka na safari.

Tena uchungu ni kwamba mto wenyewe ni Dee! Mto huo huo, mwanzoni mwa karne iliyopita, kulikuwa na bwana mmoja aitwaye Arthur Wood, akivua pale Cairnton. Ndiye aliyeusambaza uvuvi wa kuupaka mshipi mafuta uelee, nzi mdogo akipita chini kidogo tu ya uso wa maji. Alipata samoni kwa maelfu, na nzi wake walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, yule aitwaye Blue Charm akiwa mbele. Alichobadilisha kila mara ni ukubwa. Mtu kavua mto ule miaka na miaka kwa nzi wa mkono mmoja, na leo muuzaji anampa mwanangu arobaini na wawili kwa Jumamosi moja. Akibadilisha kila baada ya dakika kumi zitamwishia saa saba nzima akifunga mafundo tu, na nzi amekuwa majini nusu ya muda huo.

Na namba za ndoano hata hazikuelezwa. Kijana kaniuliza, "Mjomba, hii ya 12 ndiyo kubwa kuliko ya 6, sivyo?" Sivyo. Namba ikipanda, ndoano inashuka. Kauziwa nzi 42 na hajaambiwa hilo.

Sasa mtasema, lakini trauti, yule samaki ndugu yake samoni, je? Haya, tuseme.

Trauti ni habari nyingine, na kama muuzaji angekuwa anamzungumzia yeye ningemwachia nusu ya hoja. Trauti wa mtoni anakula kila siku, na kuna siku anakula kitu kimoja tu na kukataa vingine vyote. Hili halihitaji Uskoti kulielewa, nendeni Hombolo siku ya kumbikumbi. Mwaka juzi, mvua ya kwanza ya Desemba imenyesha usiku, asubuhi hewa imejaa mbawa, nimesimama ukingoni mwa bwawa na donge la ugali kwenye ndoano kama watu wenye akili. Perege wanachemsha maji. Kila mahali midomo, plop, plop. Ugali wangu unashuka katikati yao na hakuna anayegeuka. Mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa anarudisha ng'ombe akasimama, akanisalimu mbukwenyi, akanitazama kwa huruma, akasema, "Wewe unawapa ugali siku ya nyama?"

Siku iliyofuata nilirudi na kumbikumbi wa bandia: uzi wa kahawia wa fundi cherehani kwa kiwiliwili, na mbawa mbili za unyoya wa kanga wa jirani, nimezilaza kwa nyuma. Nikaupaka mafuta ya kupaka midomo, yale ya kopo, uelee. Perege saba. Kwa nini? Umbo lile, ukubwa ule, na ulikuwa juu ya maji sehemu ambayo macho yao yote yalikuwa yanatazama. Mdudu halisi akianguka anachukuliwa na maji bila kukokotwa. Wa kwako ukimkokota kwa mshipi, akiacha mkwaruzo juu ya maji, trauti atamkataa hata kama umemfunga na mabawa ya malaika. Wanaoanza wanabadilisha nzi. Wanaojua wanabadilisha pahali pa kusimama.

Na hata kwa trauti, kumbukeni, chakula chake kingi kiko chini ya maji, tunutu na mabuu yanayotambaa kwenye mawe, siyo hao wa juu wanaopendeza kupigwa picha. Kule kusini mwa Uingereza, kwenye mito ya Test na Itchen, mabwana wawili, Halford na Skues, waligawa wavuvi kambi mbili kwa jambo hili: wa kwanza anataka nzi wa kuelea tu, anayefanana na mdudu halisi mpaka unyweleo, wa pili anasema samaki anakula chini, mpelekee chini. Nani alishinda? Samaki, nadhani. Lakini hata Halford, aliyeanza na karibu nzi mia, alipozeeka alipunguza akabaki na 33. Thelathini na watatu kwa mtu aliyetumia maisha yake kuigiza wadudu. Mpwa wangu kamzidi tisa kabla hajalowa miguu.

Nikubali kidogo, kwa shingo upande. Rangi ina kazi yake. Mwisho wa msimu kama sasa, wavuvi wengi wa samoni wanapenda nzi wenye rangi ya chungwa na nyekundu, na sitasema wote ni wajinga. Maji yenye rangi ya chai, nyeusi inaonekana vizuri kutokana na kivuli chake. Na nzi unayemwamini unamvua vizuri zaidi: unamwacha majini, unatulia, huchungulii kopo. Hiyo nayo ni sababu ya kweli. Ila imani haihitaji kopo zima.

Halafu uzuri. Jamani, uzuri wa wale nzi wa zamani siwezi kuubeza, na hapa nitapotea njia kidogo mnivumilie. Uingereza ya Malkia Victoria walifunga nzi wa samoni kwa manyoya ya ndege kutoka kila pembe ya dunia. Chukua mmoja tu, Jock Scott: ndani yake kuna mbuni, kuna tandawala, kuna kanga. Hao ni ndege wanaojulikana huku kwetu! Unyoya wa madoadoa ambao mama zetu wanaufagia uani, kule ulikuwa koo la nzi wa bwana mkubwa. Na samoni, ambaye hana njaa, hakuwahi kuuliza umetoka wapi. Nywele za mkia wa mnyama zilizopakwa rangi zinafanya kazi ile ile, na leo wengi wanatumia hizo. Lakini wapo waliougua ugonjwa wa manyoya. Mwaka 2009, kijana mmoja Mmarekani, mwanafunzi wa muziki London, aliingia usiku kwenye makumbusho ya viumbe ya Tring, Uingereza, akaiba ngozi za ndege 299, baadhi zilizokusanywa na mtaalamu wa viumbe Alfred Russel Wallace mwenyewe zaidi ya miaka 150 iliyopita, akaziuza kwa wafunga nzi. Wengi wa wafunga nzi wa namna ile hawavui nao kabisa, wanawaweka kwenye fremu. Ndege kafa, samaki hajaguswa.

Na wanaosema uvuvi huu ni wa Kizungu tu wa kujionyesha: Mrumi mmoja, Aelian, aliandika karibu miaka 1,800 iliyopita juu ya watu wa Makedonia waliozungushia ndoano sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo. Sufu na jogoo, basi. Hivyo hata Chamwino vipo.

Nimemjibu mpwa wangu usiku ule ule, kwa sauti maana vidole vilikuwa vinatetemeka. Nimemwambia: ukifika, usifungue kopo. Kaa chini, tazama mto robo saa. Muulize mwenye nyumba wako mto ulikuwaje jana, unapanda au unashuka. Ukiwa ulijaa na sasa unashuka na kuanza kung'aa, shukuru Mungu, ndiyo saa yenyewe. Weka mkono majini. Chagua watatu: mdogo, wa kati, mkubwa kidogo, wote weusi-weusi wenye chungwa kama unataka kumfurahisha mzee. Wengine thelathini na tisa waache kwenye gari. Rusha, acha nzi akate mto kama bodaboda inavyokata geti, piga hatua moja kushuka, rusha tena. Na Jumapili usiende, sheria ya Uskoti hairuhusu samoni kuvuliwa Jumapili. Nenda kanisani ukawaombee waliokuuzia.

Kimya cha siku mbili. Nikadhani nimemuudhi.

Leo asubuhi kajibu. Mzee kafungua lile kopo jipya, kacheka mpaka kakaa chini, kisha kachomoa mfukoni kibati cha tumbaku cha zamani chenye nzi wanne waliochakaa, mmoja amebaki nusu ya manyoya. Kamwambia achague mmoja. Kijana anauliza, "Mjomba, nichague yupi?"

Nimemwandikia: yule aliyechakaa. Kisha nikatoka uani, kanga wa jirani walikuwa wamepita, nikaokota manyoya matano mazuri. Desemba si mbali.