Vita vya kudumu? Mafakihi wenyewe walibishana

Wanaosema Uislamu wa zama za kati ulijengwa juu ya vita visivyo na mwisho wana ushahidi. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, waliigawa dunia kuwa Dar al-Islam (nchi ya Uislamu) na Dar al-Harb (nchi ya vita). Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, alitaka mkataba wa kusitisha vita usizidi miaka 10, kwa kufuata suluhu ya Hudaibiya, ambayo Mtume alifunga na Maquraishi wa Makka. Mateka waliweza kufanywa watumwa. Kuyaficha hayo ni kumdhulumu msomaji.

Lakini wengi huishia hapo, na hapo ndipo mjadala ulipoanzia. Je, kafiri hupigwa vita kwa ukafiri wake au kwa uadui wake? Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, alielekea upande wa kwanza. Wahanafi na Wamaliki, wafuasi wa madhehebu mengine mawili, walishika wa pili. Ibn Rushd, fakihi wa Cordoba, Hispania, alieleza kwamba ndiyo maana walihitilafiana kuhusu kuwaua wazee na watawa: asiyepigana ana kosa gani?

Kisha kuna suala la hifadhi, yaani ahadi ya usalama kwa adui, ambalo naliona zito kuliko yote. Muislamu mmoja tu, mwanamume au mwanamke, aliweza kumpa adui hifadhi na jeshi zima likabanwa nayo. Mwaka 630, Makka ilipofunguliwa, Umm Hani aliwahifadhi watu ambao nduguye Ali alitaka kuwaua, na Mtume akaithibitisha hifadhi yake. Shaybani, Mhanafi aliyefariki mwaka 805, akaenda mbali zaidi: Muislamu aliyeingia nchi ya adui kwa hifadhi yao ni haramu kuwafanyia hiana au kuchukua mali yao. Sheria hiyo inamfunga Muislamu akiwa peke yake ugenini, mbali na kadhi yeyote. Fikra ya vita vya kudumu ingeihitaji ya nini?

Ni kweli, vitendo havikulingana na vitabu daima. Baada ya kuwashinda Wapiganaji wa Msalaba katika vita vya Hattin, mwaka 1187, Sultani Salahuddin aliamuru mateka wa Templar na Hospitaller, vyama vya watawa-wapiganaji wa Kikristo, wauawe. Hata hivyo, vitendo vilikwenda kinyume na nadharia ya vita vya kudumu pia. Mwaka 1105, miaka 6 baada ya Jerusalem kuanguka mikononi mwa Wapiganaji wa Msalaba, mwanazuoni al-Sulami alisoma kitabu chake cha jihadi msikitini karibu na Damascus, akiwasihi watawala waungane. Miaka 10 baadaye Tughtakin, mtawala wa Damascus hiyohiyo, alishirikiana na Roger, mtawala wa Kikristo wa Antioch, dhidi ya jeshi la sultani wa Waseljuki, Waislamu wenzake.