Mlango wa Kuingia Una Mlinzi, wa Kutoka Hauna

Sheria za kumlinda mnunuzi wa likizo za zamu, zile ziitwazo taimushea, ambapo unalipia haki ya kukaa katika chumba cha mapumziko kwa muda fulani kila mwaka, zina kasoro moja kubwa. Zinamlinda mtu kwa siku chache baada ya kutia saini, kisha zinamwacha na mkataba wa miaka 30, 50, au usio na mwisho kabisa. Aliyejuta siku ya tatu anaweza kujitoa bila kueleza sababu. Aliyezeeka, aliyefiwa na mwenzake au ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri huletewa ankara ya mwaka kama kawaida.

Haki hutegemea unachomiliki. Kuna zamu ya hati, ambapo jina lako limeandikishwa katika masjala ya ardhi kama mwenye sehemu ya chumba, kwa kawaida wiki 1 kati ya 52 za mwaka. Hii hurithiwa, na ukishindwa kulipa ada inaweza kukamatwa kama nyumba yenye deni. Kuna haki ya kutumia tu, ambayo ina tarehe ya mwisho. Na kuna pointi, unazozibadilisha kwa usiku wa malazi, ambazo siku hizi ndizo huuzwa zaidi na ndizo ninazoziamini kidogo kuliko zote, kwa sababu kampuni mara nyingi hubaki na uwezo wa kubadilisha idadi ya pointi zinazohitajika kwa usiku mmoja. Unabaki na pointi zako zote, ila zinakulaza siku chache kuliko zile ulizoahidiwa. Kwa hiyo kabla ya kuangalia bei, tafuta kifungu cha muda wa mkataba na kile kinachotaja nani anapanga viwango.

Siku za kujitoa ndiyo silaha kali kuliko zote, na wengi huipoteza kwa kutokujua namna ya kuhesabu. Agizo 2008/122 la Umoja wa Ulaya linatoa siku 14 za kalenda, na katika siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti, wala dhamana, wala namba ya kadi ya kushikilia malipo. Asipokupa fomu ya kujitoa, muda unarefuka hadi mwaka 1 na siku 14. Asipokupa taarifa nyingine za lazima kwa maandishi, unakuwa miezi 3 na siku 14. Uingereza nayo ina siku 14 chini ya kanuni zake za mwaka 2010. Marekani kila jimbo lina lake: Florida siku 10, California 7, Nevada 5. Mexico ni siku 5 za kazi. Afrika Kusini, kifungu cha 16 cha Sheria ya Ulinzi wa Mlaji kinatoa siku 5 za kazi, lakini ikiwa tu ununuzi ulitokana na muuzaji kukufuata mwenyewe, kwa simu, barua au ana kwa ana.

Sheria inayotumika kwa kawaida ni ya mahali mkataba ulipofungwa au mali ilipo, wala si lazima iwe ya nchi unayoishi. Florida huhesabu kuanzia siku ya kutia saini au siku uliyopokea hati ya mwisho inayotakiwa kisheria, ile iliyochelewa zaidi. Ndiyo maana karatasi ya kukiri kupokea hati zote huwekwa mbele yako uisaini haraka, huku hati zenyewe zikiwa zimebanwa ndani ya jalada nene au kwenye diski. Hapohapo Florida inasema wazi kwamba muuzaji akikushawishi kuiacha haki ya kujitoa, makubaliano hayo ni batili.

Barua ya kujitoa haihitaji wakili. Iwe ya nusu ukurasa: tarehe, majina ya wote waliosaini, namba ya mkataba, jina la kampuni na la mahali pa mapumziko, na sentensi moja isemayo kwamba mnajitoa katika mkataba huo na mnataka fedha zote zirudishwe. Msieleze sababu. Sababu humpa muuzaji kitu cha kujibu, na majibu hula siku. Wote waliosaini mkataba wasaini na barua. Itumwe kwenye anwani iliyoandikwa katika kifungu cha kujitoa, ambayo mara nyingi si anwani ya ofisi ya mauzo, kwa njia iliyotajwa humo. Tumia barua ya rejista, tunza risiti yenye muhuri wa posta, na piga picha kila ukurasa kabla ya kufunga bahasha. Ulaya na Florida kinachohesabiwa ni siku ya kutuma, si ya kupokelewa. Kwingineko, fanya kama vile ni ya kupokelewa.

Yanayoharibu kujitoa ni machache na ni yaleyale. Mtu hupiga simu badala ya kuandika, anaambiwa "tumeshalishughulikia", na siku ya kumi na moja hakuna rekodi yoyote. Au anamkabidhi barua muuzaji aliyemhudumia. Au anakubali kukutana na "meneja wa huduma" atakayempunguzia bei, na kikao kinapangwa baada ya muda kuisha. Usitumie pointi wala kuweka nafasi ya chumba katika siku hizo, na zawadi ulizopewa ziweke pembeni bila kuzifungua. La mwisho ni mkopo. Mauzo mengi hufungwa kwa mkopo au kadi mpya iliyofunguliwa palepale mezani. Katika Umoja wa Ulaya mkopo uliofungamana na mkataba hufutika wenyewe unapojitoa. Penginepo mwandikie mkopeshaji barua yake peke yake, siku ileile, kisha hakiki taarifa ya akaunti mwezi unaofuata.

Siku hizo zikishapita, sura inabadilika. Karibu kila mlalamikaji anasema aliahidiwa kwamba angepangisha wiki yake na kodi ingelipa ada, kwamba bei ingepanda, kwamba kampuni ingeinunua tena. Mkataba nao una kifungu kisemacho kwamba hakuna ahadi yoyote nje ya karatasi hizi, na pembeni kuna herufi za kwanza za jina lake alizoweka kwa mkono wake. Kesi nyingi za udanganyifu hufia hapo. Dawa yake ni ya kabla ya saini: chukua kalamu, andika ahadi hiyo ukingoni mwa mkataba, mwambie muuzaji atie saini. Akikataa, umeshapata jibu bila kulipia.

Bado kuna njia, ila ni nyembamba. Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 kinamfanya mtoa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji kwa uvunjaji wa mkataba au taarifa za uongo, ikiwa bei ni zaidi ya pauni 100 na haizidi pauni 30,000. Angalia jina la aliyepokea fedha katika taarifa ya kadi yako: kama ni mdhamini au kampuni nyingine badala ya muuzaji, benki itashika hapo. Hispania ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake namba 42 ya mwaka 1998 iliweka muda wa mkataba kuwa kati ya miaka 3 na 50, na Mahakama ya Juu imebatilisha mikataba ya milele iliyofungwa baada ya sheria hiyo kuanza Januari 1999. Kwa wenye mikataba ya aina hiyo ni ushindi mkubwa, ila tahadhari: hukumu haikujazi mfuko kama kampuni iliyokuuzia imeshafilisika au imehamisha mali zake. Kabla ya kulipa ada za mahakama, uliza mdaiwa ana nini.

Ada ya matengenezo ndiyo bei halisi ya kitu hiki. Bei ya kununua hulipwa mara moja, ada huja kila mwaka, iwe umesafiri au umelala nyumbani, na mikataba mingi haiwekei kikomo cha kupanda. Juu yake huja mchango maalumu paa likivuja au kimbunga kikipita. Mmiliki kwa kawaida ana haki ya kuona bajeti na hesabu zilizokaguliwa, kuhudhuria mkutano wa mwaka na kupiga kura. Ziombe kwa maandishi na uangalie mambo mawili: mjenzi, yaani kampuni iliyojenga na kuuza zamu hizo, analipa nini kwa wiki ambazo hajaziuza, na malipo ya usimamizi yanakwenda kwa nani. Mara nyingi msimamizi na mjenzi ni watu walewale, na kwa kuwa mjenzi anashika kura za wiki zisizouzwa, bodi ni yake. Ukiwa na ugomvi kuhusu ada, lipa huku ukiandika kwamba unalipa chini ya pingamizi. Kuacha kulipa huleta riba, wakala wa kukusanya madeni, doa katika rekodi yako ya mikopo na, kwa zamu ya hati, kukamatwa kwa mali.

Anayetaka kutoka aanze na kampuni yenyewe. Baadhi zina utaratibu wa kupokea wiki au pointi zirudishwe, lakini hazitangazi. Omba kwa barua, ukitumia neno kurudisha umiliki, si kuuza. Masharti ya kawaida ni mawili: mkopo uwe umekwisha na ada zisiwe na deni. Kuuza kwa mtu mwingine ni kugumu kuliko watu wanavyodhani, kwani soko la mitumba limejaa wiki zinazotolewa karibu bure, na mnunuzi wa pili mara nyingi hunyimwa baadhi ya faida alizokuwa nazo wa kwanza. Ukifanikiwa, hakikisha uhamisho umeandikishwa na kampuni imekuthibitishia kwa maandishi kwamba jina lako limetoka. Vinginevyo ankara zitaendelea kukufuata wewe.

Halafu kuna wanaojiita wakombozi, kampuni zinazoahidi kukutoa katika mkataba. Dalili ni tatu: wanataka fedha nyingi mbele, wanakuhakikishia matokeo, na wanakuagiza uache kulipa ada na usiwasiliane na kampuni yako. Hilo la tatu ndilo baya zaidi, kwa maana deni linapokua na mali ikakamatwa, wao huita hayo mafanikio: umetoka. Wabaya kuliko hao ni wanaopiga simu wakisema wana mnunuzi tayari, ila lazima kwanza utume kodi au gharama za uhamisho kwenda nje ya nchi. Wizara ya Fedha ya Marekani imewawekea vikwazo watu na kampuni zinazohusishwa na genge la CJNG la Mexico kwa utapeli huu, hasa eneo la Puerto Vallarta. Mwathirika hupigiwa tena baadaye na mtu anayejifanya afisa wa serikali, mwenye namba kamili ya kesi na kiasi kamili alichoibiwa, akimtaka alipe kidogo ili arudishiwe. Anavijua vyote kwa sababu ni haohao. Umoja wa Ulaya ulitibu sehemu ya ugonjwa huu kwa kanuni moja: wakala wa kuuza zamu haruhusiwi kulipwa chochote kabla mauzo hayajakamilika. Sioni sababu ya nchi yoyote kukosa kanuni hiyo.

Tena Agizo hilohilo linathibitisha kwamba mlango wa kutokea unawezekana. Kwa bidhaa za likizo za muda mrefu, zile klabu unazolipia ili upate punguzo la malazi, malipo lazima yagawanywe kwa mwaka, na kuanzia awamu ya pili mlaji anaweza kuvunja mkataba bila faini ndani ya siku 14 tangu adaiwe awamu hiyo. Waliotunga sheria walijua kwamba mtu asifungwe miaka mingi kwa uamuzi wa alasiri moja. Wakaishia kwenye klabu, wakaiacha zamu yenyewe. Ningetaka haki hiyo ihamishiwe kwenye ada ya matengenezo: kila ankara ya mwaka ije na fomu ya kuondoka, kwa ilani ya mwaka 1.

Kampuni hujibu kwamba wakiondoka wengi, waliobaki watabeba mzigo. Hoja hiyo ina uzito mahali pamoja tu, kwenye majengo ya zamani ambayo mjenzi ameshaondoka na wamiliki wamebaki na chama chao. Huko suluhisho ni kura ya kuvunja mpango na kuuza jengo zima. Kwa kampuni ambayo bado inauza, wiki iliyorudishwa ni bidhaa inayoweza kuuzwa au kupangishwa kesho yake. Kama haiwezi kumpata hata wa kuichukua bure, basi thamani aliyouziwa mteja wa kwanza haikuwepo tangu mwanzo.

Warithi nao wasiachwe gizani. Kwa kawaida hakuna anayelazimika kupokea urithi, hata mkataba uandikwe ni wa milele, lakini kukataa kuna utaratibu: kwa maandishi, kwa msimamizi wa mirathi na nakala kwa kampuni, ndani ya muda wa sheria ya mahali husika. Kwa kodi za shirikisho Marekani ni miezi 9. Kabla ya hapo usilale katika chumba hicho hata usiku mmoja, wala usilipe ankara hata moja, kwa kuwa tendo hilo linaweza kuhesabiwa kuwa umekubali. Na ukishakataa, angalia anayefuata katika mstari wa urithi, maana huenda ni mwanao. Naye atahitaji kukataa kwa barua yake, na kama ni mtoto mdogo, huenda ikabidi mahakama itoe idhini kwanza.