Kipimo cha jeni kusema kweli hakutoshi

Maabara inaweza kuisoma DNA ya mgonjwa bila kukosea hata herufi moja, na bado majibu yasimsaidie kitu. Kwa hiyo kipimo cha jeni huulizwa mambo matatu: kinasoma kwa usahihi? Badiliko linaloonekana linahusiana kweli na ugonjwa? Aliyepimwa anatibiwa vizuri kuliko ambaye hakupimwa? Hapo pa tatu ndipo vingi hukwama.

Kipimo cha HLA-B*57:01, aina ya jeni inayoonyesha nani yuko hatarini kupata mzio wa abakaviri, dawa ya VVU, hakikukwama. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, wagonjwa wa VVU karibu 2,000 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya waliopimwa kabla ya kupewa abakaviri, ambapo wenye jeni hiyo hawakupewa, hakuna aliyepata mzio uliothibitishwa na kipimo cha ngozi. Kwa ambao hawakupimwa kwanza ilikuwa asilimia 2.7.

Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilileta utata. Mwaka 2013 jaribio la Ulaya liliona kwamba kupanga dozi kwa kufuata jeni kunasaidia, la Marekani halikuona faida. Sababu mojawapo ni kwamba wa Ulaya walilinganisha na dozi ya kawaida isiyobadilika mwanzoni, ilhali wa Marekani walilinganisha na hesabu iliyozingatia umri, uzito na hali ya mgonjwa. Linaloniuma zaidi ni hili: katika jaribio la Marekani, damu ya wagonjwa Weusi waliopangiwa dozi kwa jeni ilidhibitiwa vibaya kuliko ya Weusi wenzao waliopangiwa kwa hesabu hiyo. Mabadiliko ya jeni yaliyopimwa hayakujumuisha kadhaa yanayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika.

Hata hivyo, wanaopinga kudai jaribio kubwa kwa kila kipimo wana hoja nzito. Ugonjwa wenye wagonjwa wachache duniani hautapata jaribio hilo kamwe, na mtoto anayedegedega hawezi kulisubiri. Tena faida huweza kuwaangukia wengine: mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana akigundulika na sindromu ya Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani, ndugu zake huanza kuchunguzwa mapema.

Kwa maoni yangu, uzito wa ushahidi ulingane na hatua itakayofuata. Kuondoa ovari kwa sababu ya badiliko ambalo maana yake haijulikani ni kosa. Na ushahidi wenyewe uulizwe umetoka kwa nani: mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya Wamarekani Weusi walikuwa wameambiwa wana mabadiliko yanayosababisha ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo, kumbe mabadiliko hayo ni ya kawaida miongoni mwao na hayana madhara.